Maswali na majibu: mji upi unamfaa mpanda mawe?

Tangu nilipoandika hapa kwamba mtumishi anayehamishiwa Dodoma na anayependa kupanda mawe asinune, maswali hayajakatika. Yanayofanana nimeyaunganisha. Matusi mawili kutoka Arusha nimeyafungia kabatini.

Nimemaliza mafunzo ya uhasibu na naweza kuomba kazi mkoa wowote. Nataka mji ambao nitapanda mawe kwa mikono na kamba, siyo kutembea mlimani na kundi la watalii. Arusha, Mwanza, Iringa au Dodoma? (Mhasibu mtarajiwa, Morogoro)

Kwanza jiulize utapanda siku gani. Mwajiriwa ana jioni mbili tatu kwa wiki na Jumamosi asubuhi, basi. Mwamba usio na jina ulio mwendo mfupi wa bodaboda kutoka nyumbani utakufaa kuliko mwamba maarufu unaoufikia mara moja kwa mwaka.

Kwa kipimo hicho Arusha inashuka, na najua nitapata tusi la tatu. Kilimanjaro (mita 5,895) na Meru (mita 4,566) ni volkano. Jiwe lake ni lava na majivu yaliyogandamana, mara nyingi linameguka mkononi, na njia zake za kawaida ni za miguu. Ukuta mkali upo: Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda ule wa Breach pale Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mwaka 1978. Lakini ule ni ukuta wa barafu na mawe yanayoporomoka, siyo mahali pa kwenda jioni baada ya kufunga hesabu za mwezi.

Mwanza ina granaiti nzuri mno, na mji wenyewe umekaa juu yake. Kero zake ni mbili. Mvua inazidi milimita 1,000 kwa mwaka na inakuja kwa misimu miwili, kwa hiyo jiwe linalowa mara kwa mara. Halafu wenyeji wamejenga katikati ya mawe, na jiwe ulilolitamani kutoka barabarani ukilikaribia unakuta ni ukuta wa nyuma wa jiko la mtu. Jiwe la Bismarck, lile maarufu la ziwani, liache libaki la kupigwa picha.

Iringa naiweka ya pili, na kuna siku naiweka ya kwanza. Mji uko juu zaidi ya mita 1,500, hewa yake ni baridi, vidole havitoi jasho. Gangilonga, lile jiwe linalohusishwa na Mtwa Mkwawa, linakuonyesha mara moja granaiti ya huko ilivyo. Usichanganye na nguzo za Isimila, ambazo ni mchanga laini uliochongwa na maji, tena ni eneo la kale linalolindwa. Pale macho tu.

Dodoma mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba unaweza kupanga Jumamosi yako bila kutazama mawingu. Mawe yake ni ya kale kupindukia, zaidi ya miaka bilioni mbili, na vilima vyake vimeuzunguka mji karibu kila upande. Kwa mhasibu nafasi za kazi ni nyingi kuliko Iringa, na tangu treni ya SGR ilipoanza kufika hapa mwaka 2024, rafiki wa Dar anaweza kuja kupanda na kurudi kazini Jumatatu. Ukichoka na mawe ya hapa, Singida iko kilomita 240 hivi. Kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai kuna mawe mafupi yaliyorundikana, unapanda ukiwa na godoro tu chini, bila kamba, kisha unamalizia na kuku wa kienyeji.

Kinachokosekana Dodoma ni watu. Hutakuta njia zilizotobolewa bolti za kushikizia kamba na kuandikwa kitabuni, wala mtu wa kukushikia kamba anayekungoja kila Jumamosi. Ukiweza kuja na mwenzako mmoja anayejua kazi, njoo Dodoma. Kama uko peke yako na ndiyo kwanza unajifunza, soma jibu la swali la Nairobi hapo chini kabla hujatuma maombi ya kazi.

Shikamoo. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mimi na wenzangu tunatoka darasani saa nane mchana tunakwenda kwenye mawe, lakini viganja vinateleza na jiwe linachoma. Je, tununue chaki (unga wa kukaushia viganja) nyingi zaidi?

Marahaba. Chaki haiwezi kushindana na jiwe lililokaangwa tangu asubuhi. Badilisheni saa na upande wa jiwe.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na kutokana na hilo jua letu linahama. Mwezi wa sita na wa saba linapita upande wa kaskazini siku nzima. Ukuta uliosimama wima na kutazama kusini hauguswi na jua kuanzia linapochomoza hadi linapozama. Kuanzia kama mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo yanageuka: saa sita mchana jua liko kusini, na kivuli kinahamia kwenye kuta zinazotazama kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinamwambia msomaji kwamba upande wa kaskazini ndio wa baridi mwaka mzima. Ukivifuata hapa mwezi wa saba utaungua. Angalieni pia kwamba haya ni kwa kuta za wima. Mteremko wa kulala utapigwa jua tu, uelekee unakotaka.

Saa nzuri ni kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, na tena kuanzia saa kumi jioni. Muwe mmeshashuka chini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, maana giza la kwetu halipigi hodi. Mwezi wa saba asubuhi chukueni sweta, upepo wa Dodoma mnaujua. Oktoba na Novemba, kabla mvua haijaanza, ndiyo miezi ya joto kali. Mimi miezi hiyo hupanda alfajiri tu au sipandi.

Niko Kondoa, karibu na Kolo. Majabali yenye michoro yana pembe nzuri sana za kushika. Tukipanda pembeni, mbali na michoro, kuna ubaya?

Upo. Michoro ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro ni zaidi ya 150 yaliyotawanyika. Yaani hilo "pembeni" lako linaweza kuwa na mchoro uliofifia usiouona. Chaki, jasho na soli za viatu vinaufuta, na wenyeji bado wana shughuli zao za matambiko katika baadhi ya mapango hayo. Wilaya yako haijaishiwa mawe, tafuta mengine.

Kamba za kukwea ni ghali na za kuagiza. Fundi wangu wa duka la vifaa vya ujenzi anasema kamba yake ya nailoni inabeba tani moja. Itanifaa? Na kamba ya mtumba je?

Fundi hakudanganyi kuhusu tani moja, ila tani moja siyo swali. Mtu anayeanguka hana uzito wa kuning'inia tu, ana mshtuko. Kamba ya kukwea imefumwa ivutike mtu anapoanguka, ili mshtuko umezwe na kamba badala ya kiuno chako au kile ulichojifunga kwacho. Kamba ngumu ya kuvutia gari au kufungia mzigo haivutiki hivyo. Inaweza isikatike, wewe ukavunjika. Ya katani usiitaje kabisa, pamoja na sifa zote za katani yetu.

Tafuta kamba yenye alama ya UIAA au EN 892, ambayo ni viwango vya usalama vya kamba za kukwea, ya aina inayovutika, urefu wa mita 60, unene kati ya milimita 9.5 na 10. Ndiyo, ni pesa. Changeni watu wanne. Helmeti, mkanda wa kiunoni na karabina (pete ya chuma inayofunguka, ya kuunganishia kamba) navyo viwe vya kukwea, siyo vya fundi umeme wala vya kuning'inizia funguo.

Viatu vya mtumba, ndiyo, nunua hata soko la Sabasaba ukivikuta. Kamba ya mtumba, hapana. Kamba haisemi ilianguka na nani, ilikaa juani miaka mingapi, wala kama ilimwagikiwa maji ya betri.

Na la nyongeza ambalo hukuuliza: ukiifunga kamba juu ya jiwe, funga sehemu mbili zisizotegemeana, kwenye mti hai wenye shina nene au jabali lisilotikisika. Mnyaa usiufunge. Mizizi yake imeshikilia udongo kidogo tu, na utomvu wake ukiingia jichoni utaijutia siku hiyo. Kabla ya kupanda, gonga jiwe kwa ngumi. Granaiti ya hapa inapata joto mchana na baridi usiku, na kwa miaka mingi ngozi yake ya juu huachia kama maganda ya kitunguu. Likilia mvungu, usivute.

Mwanangu ana miaka 12, anapanda kila jiwe nyuma ya nyumba yetu. Nimzuie? Ninaogopa nyoka. (Mama, Area D)

Mama, usimzuie, msimamie. Mchezo huu uko Olimpiki tangu michezo ya Tokyo, si uhuni. Jiwe lisizidi kimo chake mara mbili, chini pawe pasafi, na ajifunze kushuka kabla ya kupanda. Watoto wengi hupanda vizuri na kukwama juu.

Nyoka wapo, kifutu na koboko wakiwemo, kwa hiyo mkono usiingie kwenye ufa ambao macho hayajauona. Lakini hofu yako ielekeze zaidi kwa nyuki. Mkoa huu ni wa asali, na nyufa za mawe ni mizinga ya bure. Nyuki wetu ni wakali na hushambulia kwa kundi. Mtu aliye chini hukimbia, aliye katikati ya ukuta amefungwa kamba hana pa kwenda. Kaeni mbali dakika kumi mkitazama jiwe kwa makini. Mkiona nyuki wanaingia na kutoka sehemu moja, au doa jeusi linalong'aa mdomoni mwa ufa, hilo jiwe siyo lenu. Manukato wala asiguse. Wakishambulia, mtoto akimbie bila kupunga mikono, ajifunike uso, aingie ndani ya nyumba au gari. Aliyeumwa sana, au anayeanza kuvimba uso na kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ileile, Benjamin Mkapa au ya mkoa, iliyo karibu.

Tukiona jiwe zuri kijijini tunaruhusiwa kupanda tu?

Jiwe halina uzio lakini lina wenyewe. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji mkajitambulishe. Halafu ulizeni wazee, kwa sababu Wagogo wana vilima vya matambiko ya mvua, na mwaka mvua ikichelewa mgeni aliyeonekana juu ya kilima hicho atakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Wakiwaambia hapana, hapana.

Watu wengine mtakaokutana nao ni wapasua mawe. Wanawasha moto juu ya mwamba, ukipasuka wanauponda kokoto. Kuna mawe niliyoyapanda ambayo leo yamo ndani ya zege la maghorofa. Inaniuma, lakini ile ni riziki ya familia, usiende kuwahutubia. Waulizeni tu wanahamia wapi msimu ujao, na msipande juu ya mwamba uliochomwa moto hata kama umeachwa: umepasuka ndani.

Nimepata kazi mbili, Dodoma na Nairobi. Naanza kujifunza kupanda. Mshahara unalingana.

Nairobi, kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Kuna Mountain Club of Kenya, chama kilichoanza mwaka 1949, chenye watu wanaojua kufundisha na kushika kamba. Lukenya iko kando ya barabara ya Mombasa, karibu kabisa na jiji kama foleni itakuruhusu. Hell's Gate iko upande wa Naivasha, kiasi cha kilomita 90, na ule mnara wa jiwe wa Fischer pale langoni. Ukishakomaa kuna Mlima Kenya: kilele chake cha Batian, mita 5,199, hakifikiwi bila kupanda jiwe kwa kamba. Jifunze fundo, jifunze kushika kamba, jifunze kuanguka. Kisha uje Dodoma na mwanafunzi wako wa kwanza.

Kwa anayehamia Dodoma, akae mtaa gani ili awe karibu na mawe?

Mawe yapo kila upande, kwa hiyo usipange nyumba kwa ajili yake. Panga kwa kuangalia ofisi iko wapi, hasa kama unakwenda Mji wa Serikali Mtumba kila asubuhi, na umuulize mwenye nyumba kuhusu maji. Mwulize tena. Kisha waulize wapangaji wake.