Sprei ya homoni au kisu? Korodani za mwanangu hazijashuka

SWALI: Dokta shikamoo. Mwanangu ana miezi 9 na korodani zote mbili hazijashuka, hospitali wamesema afanyiwe oparesheni, ila shangazi yake anasema kuna sprei ya puani ya homoni inazishusha bila kisu na eti inamlinda asije akakosa watoto ukubwani. Tuanze na hiyo kwanza?

JIBU: Marahaba mama. Shangazi mtu hajakosea sana, ila kachanganya mambo mawili. Hilo la kushusha, homoni zimejaribiwa miaka mingi, sprei na sindano za hCG (homoni ya kuamsha korodani), na watoto wengi hazikuwasaidia, tena korodani zikishuka kuna zinazorudi juu, ndo maana mwongozo wa madaktari wa mkojo wa Marekani wa 2014 ukasema zisitumike kwa kazi hiyo.

Uzazi ni habari nyingine. Mtoto wa kiume akifika miezi 2 au 3 hivi mwili wake unamwaga homoni kwa wingi, kama balehe ndogo (na wala hutoiona kwa macho), na hapo seli changa za korodani zinageuka kuwa zile za kuja kutengeneza mbegu. Kuna watoto wenye tatizo hili, hasa la pande zote mbili, ambao homoni hizo zinakuja kidogo na seli hazigeuki. Sasa oparesheni inaitoa korodani kwenye joto, sawa, lakini homoni zilizokosekana haizirudishi. Ndo daktari mtafiti Hadziselimovic na wenzake huko Uswisi wakawapa watoto wa aina hiyo dozi ndogo ya sprei BAADA ya oparesheni, na walipopimwa ukubwani walikuwa na mbegu nyingi kuliko waliopasuliwa tu. Ila walikuwa wachache, na madaktari bado wanabishana.

Kwa hiyo usisubiri. Za kushuka zenyewe huwa zinashuka ndani ya miezi 6 ya kwanza, na oparesheni inatakiwa kati ya miezi 6 na 18, mwanao yuko humo humo. Muulize daktari wa upasuaji kama atachukua kipande kidogo cha korodani kipimwe, maana hicho ndo kinaonyesha kama sprei ina kazi kwake au haina.

Halafu mkague akiwa kwenye maji ya vuguvugu, mikono yako iwe na joto, pitisha vidole taratibu toka kinena kushuka chini. Usipogusa kitu pande zote mbili, mwambie daktari wazi wazi, hapo vipimo vya homoni vinatangulia kabla ya kisu.