Kutafakari hakumwondoi mgonjwa hospitalini
Ndugu yangu, umeuliza kama tiba ya kutafakari inamtaka mgonjwa aache dawa za hospitali. Hapana, haimtaki. Jon Kabat-Zinn, mwanabiolojia wa Marekani, alianzisha mwaka 1979 katika chuo cha tiba mjini Worcester, Massachusetts, mafunzo, ambayo leo huchukua wiki 8, yaliyochota katika tafakuri ya Kibudha na yoga, na wengi wa wagonjwa wake, wenye maumivu sugu, walipelekwa kwake na madaktari wao wenyewe. Zoezi la mwanzo ni zabibu kavu moja tu: mgonjwa huitazama mikunjo yake, huinusa, huiweka ulimini bila kuitafuna, kisha huila polepole mno, na hapo hutambua ni mara ngapi amekula pasipo kuonja. Halafu hulala chali akiupitisha uangalifu mwilini, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini, hata penye maumivu. Maumivu huenda yasiondoke, lakini hofu inayoyazidishia uzito inaweza kupungua. Nakusihi usipunguze dozi yoyote kabla hujazungumza na daktari wako, naye umweleze kwamba umeanza kutafakari.