Waipa ya zamani haitoki mpaka mpya iwe mkononi

Wee mwenye Noah, subiri! Usiguse kitu. Umeuliza waipa zinazoacha michirizi husafishwa kwa kitu gani, na ununue mpira mtupu au waipa nzima. Maswali mazuri, mashaallah. Lakini mwisho umechomeka, kama jambo dogo tu, kuwa kesho asubuhi utazichomoa zote mbili uende nazo madukani Darajani, mjini Unguja, ukalinganishe saizi, na mikono utaiacha imesimama kwa vile gari ipo uani haimsumbui mtu. Hapo chai imenipalia.

Mkono wa waipa una springi, tena kali, ndiyo inayoukandamiza mpira kwenye kioo. Ukiunyanyua unasimama, sikatai, ila unasimama kwa hisani tu. Ukishachomoa waipa, kinachobaki kule juu ni ndoano ya chuma tupu. Kuku akirukia boneti, mtoto akipita mbio, upepo wa kusi ukivuma, springi inaurudisha mkono kwa nguvu zake zote na chuma kinatua kwenye kioo. Kwangu ulikuwa upepo. Narudi kutoka mjini na waipa mpya mfukoni, najiona fundi, nakuta nyota kwenye kioo upande wa dereva na ufa umeshaanza kupanda.

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa na plastiki katikati, kwa hiyo hakimwagiki, nawe unajipa moyo kuwa ufa wenyewe mdogo. Sasa paki gari juani Mnazi Mmoja mchana, kisha ingia uwashe kiyoyozi mpaka mwisho. Nje moto, ndani baridi, ufa unatembea huku unautazama. Haikufika Ijumaa, wangu ulikuwa umeshafika katikati ya kioo.

Na aliyenipa ilmu hiyo ya kuiacha mikono imesimama ni fundi, Mungu ampe umri, mdomo tu apunguziwe. "Wacha isimame bwana, haianguki ile." Nilipompigia simu akasema upepo huo, kadari. Kadari! Kadari yake, kioo nimelipa mie. Kioo kipya kikavuka bahari kutoka Dar, akaja mbandikaji na gundi yake, na gari ikalala mpaka gundi ikauke. Kwa pesa ile ningezivisha waipa daladala zote za njia ya 502. Mke wangu hadi leo akiniona nimeshika bisibisi huniuliza, "Umeshatazama upepo?"

Kwa hiyo ya zamani haitoki mpaka mpya iwe mkononi. Saizi pima hapohapo garini kwa futi ya cherehani, ya dereva mbali na ya abiria mbali maana aghlabu hazilingani, piga na picha ya pale inaposhikwa na ndoano, ndipo uende dukani. Siku ya kubadilisha, kunja taula nene uitandike kwenye kioo chini ya mkono, ufanye upande mmoja kwanza: toa, pachika mpaka usikie "tak", laza taratibu, uende wa pili. Ukiitwa ndani katikati ya kazi, ulaze mkono juu ya taula ndiyo uitike.

Kusafisha ni kitambaa na maji ya sabuni, ufute ukingo wa mpira mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Kioo nacho kioshe. Ukirudi Paje kina chumvi na mchanga, kimwagie maji kabla hujawasha waipa, la sivyo unakipiga msasa. Na huyo mwengine aliyekujibu kabla yangu akakwambia upake mafuta ya taa ili mpira ulainike, mwambie aanze na gari yake. Mafuta ya taa huuvimbisha mpira ukalegea, halafu mvua ya masika ikikukuta usiku unaona taa mbili mbili.

Mpira ukiwa umekakamaa kwa jua au umechanika ukingo, usiupotezee sabuni, nunua nyengine. Lakini pima kwanza, umenisikia? Zikiwa bado zipo garini.