Yoga baada ya hamsini: bakiza nguvu

Watu wa mtaani kwetu Nyegezi, hapa Mwanza, wakisikia nafanya yoga huuliza kama naweza kuukunja mguu mpaka ukafika shingoni. Siwezi, na wala siutaki huo ufundi. Ninachotaka ni kuinuka mkekani bila kushika ukuta, kuchuchumaa nikafua, na kupanda Bugarika kwa dada yangu bila kumsumbua kijana wa watu anishike mkono. Anayeijua Bugarika anaelewa. Ngazi ni za mawe yasiyolingana, maji machafu yanapita katikati, na ukiteleza hakuna pa kujishikiza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye umri kama wangu ni huu: fanya yoga ukiwa umebakiza nguvu. Mkao wowote, ishia pale ambapo bado ungeweza kuendelea kidogo. Kijana akijivuta kupita kiasi leo, keshokutwa amesahau. Sisi kano zetu, zile nyuzi zinazoshikanisha msuli na mfupa, haziponi haraka hivyo, maana damu inayopita humo ni kidogo. Nimewaona wenzangu wakiinama kwa fujo kugusa vidole, magoti wameyakaza, halafu wanabaki na maumivu chini ya kalio, pale msuli wa nyuma ya paja unaposhikana na mfupa. Ukiketi kwenye daladala ndipo unayasikia vizuri. Legeza magoti, basi. Hakuna anayetoa cheti cha kugusa vidole.

Kuinama kwenyewe kajifunze Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Fika mapema uwaangalie kina mama wanaochambua dagaa. Wengi wao wanainama kutoka nyongani, mgongo umenyooka, magoti yamelegea, na mikono inafanya kazi chini huku wanasimuliana habari za jana. Mgongo haukunjiki kama upinde. Ndivyo mwalimu wa yoga anavyohangaika kufundisha kwa wiki nzima. Nilimweleza mama mmoja pale kwamba kuna watu mjini wanafundishwa kuinama hivyo. Akacheka, akaniuliza, “Dada, na hiyo mnalipia?”

Kipimo changu cha kujua nimebakiza au nimepitiliza ni pumzi. Nikijikuta nimeizuia, nimeshapitiliza, narudi nyuma. Kubana pumzi huku umekaza misuli hupandisha presha, na wenye presha rika letu ni wengi. Kipimo cha pili huja kesho yake asubuhi. Msuli uliofanya kazi huuma kwa kuvimbavimba, kisha unaacha. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti au bega ni habari nyingine, na mkao ulioyaleta unapumzishwa.

Ipo mikao ambayo mimi nimeiaga. Kusimama kwa kichwa ni mmojawapo: mwenye presha, au presha ya macho, hana biashara nao, na shingo ya miaka hamsini na kitu haikuomba kubeba mwili mzima. Kuketi huku miguu yote miwili imepandishwa juu ya mapaja nao nimeuacha. Nyonga ikigoma kuzunguka, goti ndilo linalolipa. Na mwanamke aliyekoma hedhi akumbuke kwamba mifupa hupungua uimara kwa kasi baada ya hapo. Kama daktari amekuambia mifupa yako ni dhaifu, usiinamie mbele kwa kuukunja mgongo, wala usijipindue kwa nguvu, kwa sababu pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika kwa hilo tu.

Halafu kuna hizi picha za watu wamejikunja juu ya mawe ya Capri Point, ziwa limekaa nyuma yao. Zinapendeza. Lakini jiwe lina mteremko na vifundo vya mikono vitakusimulia usiku. Fanyia sebuleni.

Vifaa unavyo tayari. B.K.S. Iyengar, mwalimu wa India aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014, alikuwa mtoto wa kuuguaugua, na ndiye aliyeifanya mikanda, viti na vipande vya mbao kuwa jambo la kawaida kwenye yoga. Mimi mkanda wangu ni kanga, na badala ya kipande cha mbao natumia kigoda. Kiti cha plastiki nakiegemeza ukutani, maana juu ya vigae kinateleza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani ya mwili, yaani ya kusimama bila kuyumba, na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki. Usingoje ufike huko. Nasimama mguu mmoja karibu na ukuta, unyayo wa pili nimeuweka kwenye shavu la mguu, kamwe si ubavuni mwa goti. Naketi na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono. Nalala chali, nainua nyonga na kuzishusha taratibu. Asubuhi za hapa zina baridi yake na viungo vimekauka, kwa hiyo kwanza nafagia uwanja ndipo naanza. Nikimaliza nalala ubavu kidogo, nasukuma sakafu kwa mkono, naketi, ndipo nasimama. Anayemeza vidonge vya presha asiruke hatua hiyo, kizunguzungu kinaangusha.

Yoga peke yake haitoshi, lakini. Moyo unataka kutembea kwa haraka, na misuli inataka sato, dagaa na maharage.

Suala la dini huulizwa kila mara. Chimbuko la yoga ni India na sioni sababu ya kulificha. Mimi ni mtu wa kanisani, nafanya mikao na pumzi, nyimbo zao nawaachia wenyewe. Asiyeridhika atafute mazoezi mengine, mizani ya mwili haina dhehebu.

Kinachowashinda wengi ni kurudi baada ya kukatizwa. Msiba ukitokea, wiki imekwenda: umekesha, umelala chini, umepika masufuria ya watu mia. Usianzie ulipoishia. Siku ya kwanza mimi nalala chali, miguu juu ya kiti, napumua tu. Ya pili naongeza kuketi na kusimama. Kusimama kwa mguu mmoja kunangoja mpaka nimelipa usingizi wote, kwa sababu aliyekesha hupepesuka hata akiwa na ukuta pembeni.