Kuku mzima wa kuoka: maswali yenu, toka Ujiji mpaka Tabora mjini

Haya jamani, tangu sikukuu maswali ya kuku mzima yamejaa, kila mtu anataka kuku atoke motoni na rangi yake, awekwe katikati ya sinia watu watoe macho. Ntajibu yale yanayojirudia, mengine nimeyaunganisha. Ila niwaambie mapema, matatizo mengi humu yanaanzia kwa kuku mwenyewe na namna mlivyomwandaa, moto mnausingizia tu.

Dada shikamoo, mi niko Katubuka hapa Kigoma, sina oveni, nina jiko la mkaa na masufuria. Kuku mzima ataiva kweli au ndo nisahau?

Marahaba. Ataiva na atapendeza, mbona keki unaoka humohumo? Chukua sufuria zito lenye nafasi, kuku asiguse pembeni, chini weka sahani ya bati umeigeuza au mawe madogo masafi, maana kuku akikaa moja kwa moja kwenye kitako cha sufuria upande mmoja unaungua huku juu bado mweupe. Pasha sufuria kwanza likiwa limefunikwa, alafu ndo umuingize, funika na mfuniko wa bati ulio bapa, palia makaa juu. Hapa ndo wengi wanapokosea, wanajaza moto chini na juu wanaweka vijikaa viwili vitatu vya kuonea haya. Geuza hesabu: chini moto kidogo, juu mwingi. Na usitie maji, hata yale ya "kidogo tu asiungue", ukitia maji umemchemsha na ngozi itakuwa kama ya kuku wa supu. Mfuniko uinue kidogo kwa kijiwe upande mmoja ili mvuke upate pa kutokea.

Broila wa kilo moja na robo hivi mpe kama saa moja na robo, makaa ya juu yakififia ongeza, usisubiri yawe majivu. Sufuria likiwa dogo mpasue mgongo kwa kisu kizito au mkasi, mtandaze kama kitabu, mkandamize kidari mpaka usikie ka! Hapo anaiva haraka zaidi, dakika 45 mpaka 50 anza kumwangalia.

Nilinunua jogoo wa kienyeji pale sokoni Mwanga, mkubwa, bei ndo usiseme. Nikamwoka saa nzima na nusu, wageni wakatafuna mpaka mataya yakauma. Tatizo nini? Mume wangu anasema nimemkausha.

Tatizo ni umri wa jogoo, mwambie shemeji akuache. Kuku aliyezunguka uwanjani mwaka na zaidi misuli yake imefanya kazi, nyuzi zinazoshikilia ile nyama zimekomaa, na hizo hazilainiki kwa moto mkavu wa muda mfupi, zinataka unyevu na muda mrefu ndo ziyeyuke zile zinazofanya supu ikipoa igande kama jeli. Ukimwoka tu, maji yanatoka na nyuzi zinabaki palepale. Broila yeye anachinjwa ana wiki tano sita, hajatembea popote, ndo maana oveni inamtosha.

Kwa hiyo kienyeji mzee anaanza majini. Mchemshe mzima na tangawizi, kitunguu na chumvi, moto mdogo, maji yawe yanachezacheza tu, usiyaache yatokote kwa hasira. Tetea mkubwa anaweza kwenda saa moja, jogoo mzee saa mbili au na zaidi, kipimo ni uma: ukichoma paja uingie bila kubishana. Mtoe mapema kidogo kabla hajaanza kuachia mifupa, maana ukichelewa unamwinua mguu unabaki mkononi. Mwache achuje, mkaushe kwa kitambaa kisafi, mpake mafuta na viungo, peleka kwenye moto mkali dakika 20 mpaka 25, kazi ya moto hapo ni rangi tu, kuiva alishaiva. Na supu umepata juu yake, wageni waanze nayo.

Siku nyingine kabla hujalipa shika ncha ya chini ya kidari, kwa kuku mchanga inapinda kama sikio, kwa mzee ni mfupa mgumu. Jogoo muangalie kipi, ile pembe ya nyuma mguuni, ikiwa ndefu imechongoka huyo mzee wa mtaa, mchukulie supu. Alafu kuku uliyemchinja asubuhi usikimbilie kumwoka mchana, nyama inakuwa imekakamaa, kama una friji mlaze mpaka kesho.

Chumvi haiingii! Juu kuku mtamu, ndani kidari hakina ladha kabisa. Nachoma matobo kwa uma lakini wapi. (Msomaji wa Ujiji)

Acha matobo, yanatoa maji tu. Chumvi inataka muda. Kuku wa kilo moja na nusu mpake vijiko viwili vya chai vya chumvi laini, visawazishe, vya kilima hapana, na ile ya chenga itwange kwanza. Paka ndani ya tumbo, paka mapajani, alafu pitisha vidole taratibu chini ya ngozi ya kidari, inaachia yenyewe, upake na humo. Mlaze kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, shelfu ya chini asije akadondoshea kachumbari. Mwanzo utamwona anatoa maji, usiyamwage kwa haraka, chumvi inayeyuka humo na kurudi nayo ndani, na kesho yake ngozi imekauka kama karatasi, hiyo ndo inayokuja kuwa ya kukwaruza. Ngozi yenye maji haipati rangi, moto wote unaishia kukausha maji.

Asiye na friji apake nusu saa mpaka saa moja kabla ya kuoka basi. Joto letu hili la ziwani kuku mbichi asikae nje zaidi ya masaa mawili.

Habari ya leo dada, kuku nimekata karibu na mfupa nikakuta wekundu, watoto wamegoma kula. Alikuwa mbichi?

Nzuri mdogo wangu. Si lazima. Broila ni mtoto, mifupa yake bado ina vitundu, rangi ya uboho inavuja hasa kama alikuwa amegandishwa, kwa hiyo wekundu wa pembeni mwa mfupa peke yake si ushahidi. Ushahidi ni joto: sehemu nene ya paja ifike 74 sentigredi, kipimajoto cha nyama kisiguse mfupa. Kama huna, toboa pale paja linapoungana na mwili, mchuzi utoke mwangavu, na ukiuchezesha mguu uwe umelegea. Nyama ikiwa inang'aa na kuteleza kama ya samaki mbichi, hapo watoto wako sahihi, mrudishe.

Naruhusiwa kupaka mawese badala ya mafuta ya alizeti? (Msomaji wa Mwandiga)

Nani akukataze na uko Mwandiga, Kigoma yetu ya mawese? Rangi inakuja nzuri sana. Paka kijiko kimoja au viwili tu, ukimwogesha harufu ya mawese inameza kila kitu, na moto ukiwa mkali mno ule wekundu unapauka. Changanya na kitunguu saumu cha kutwanga na pilipili. Wageni wa kutoka Dar wengine watauliza hii ni rangi ya nini, wewe endelea kupakua.

Mi nipo Tabora huku kwenye asali. Nilimpaka kuku asali toka mwanzo, akatoka mweusi kama mkaa na ndani bado.

Asali ni sukari, inaanza kuungua mapema sana kabla kuku hajafika popote. Mwoke bila asali mpaka aive kabisa, zikibaki dakika 10 changanya asali na ndimu, paka kwa brashi, rudisha, na hapo usitoke kwenda kuchat, simama hapohapo.

Kuku lazima aoshwe na ndimu kuua wadudu?

Ndimu ni ya harufu, wadudu wanakufa kwa moto. Wa dukani aliyesafishwa hana haja ya kuoshwa, maji ya bomba yanarusha vimelea vya salmonela kwenye sinki, vyombo na nyanya zako. Uliyemchinja mwenyewe sawa, muoshe damu, lakini kwenye beseni, taratibu, na beseni lioshwe na sabuni baadaye.

Oveni ndogo ya mezani, nyuzi ngapi? Na umeme ukikatika katikati?

200, kuku wa kilo na nusu saa moja na dakika 10 mpaka 20. Juu akianza kuungua mfunike foili, zile nyaya ziko karibu mno. Umeme ukikata asiachwe humo anasubiri Tanesco, mkate vipande umalizie kwenye mkaa, ukuu wa sinia utapungua lakini mtakula.

Mama mkwe anasema kuku mzima ni ufujaji, sisi tuko nane.

Mpe shikamoo zake. Kuku mmoja anatoa mapaja mawili, miguu miwili, mabawa mawili, na kidari ukikipasua kati vipande viwili, hao nane tayari. Muhimu asikatwe akiwa wa moto wa kutoka, mwache dakika 10 mpaka 15, la sivyo mchuzi wote unaishia kwenye ubao. Firigisi usiisahau ndani ya tumbo, ikaange pembeni uipeleke panapohusika, nyie mnajua kwenu ni ya nani. Mgongo na mifupa iliyobaki irudishe sufuriani na kitunguu, jioni mama mkwe anapata mchuzi wa ugali wake wa muhogo.