Ekari 100 Liwale: pori lipo, ila lina wenyewe

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kweli wilayani Liwale, mkoani Lindi, mtu anapata ekari 100 za kupanda mikorosho kwa bei ya kutupa, na kama karatasi aliyosaini mwenyekiti wa kitongoji inatosha. Nianze na la pili: haitoshi. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kugawa hata nusu ekari. Saini yake inathibitisha tu kwamba anakufahamu na eneo analijua.

Kuhusu wingi wa ardhi, sensa ya 2012 ilihesabu watu 91,380 katika wilaya yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Ukipiga hesabu hiyo unaona pori tupu. Sasa anza kutoa. Sehemu kubwa ya wilaya ilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, na kipande chake kikaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Kuna msitu wa Angai unaomilikiwa na vijiji vyenyewe, kuna eneo la jumuiya ya wanyamapori ya Magingo, yaani ardhi ambayo vijiji vimeitenga kwa ajili ya wanyama. Kinachobaki ni ardhi ya vijiji, nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaigawa mafungu matatu: ya matumizi ya pamoja, ya kaya na watu binafsi, na ya akiba. Mgeni anagawiwa kwenye akiba tu. Kwa hiyo ukifika usiulize kama kuna ardhi, maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza akiba ya kijiji iko upande gani, na uonyeshwe kwenye ramani ya mpango wa matumizi ya ardhi. Kijiji kisicho na mpango huo, mimi ningekipita.

Mtego mkubwa zaidi Liwale ni vijiji vilivyogawanyika. Msitu wa Angai ulianza na vijiji 13. Kwa kugawanyika vikafika 24, na watu ni wale wale. Kijiji kipya kinakuwa na mwenyekiti wake, mtendaji wake na muhuri wake, ila Cheti cha Ardhi ya Kijiji, kinachotambua ardhi na mipaka ya kijiji, kinaweza kuwa bado kinasoma jina la kijiji mama. Ukipewa shamba na kijiji kipya huku kijiji mama kikidai mpaka haujafika pale, una muhuri halali juu ya ardhi yenye ugomvi. Omba kukiona cheti chenyewe, soma jina, halafu tembea mpakani ukiwa na wazee wa pande zote mbili. Ukitumia GPS ya mkononi, angalia mpangilio wake. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS zinasoma mfumo mwingine, WGS84. Kwa nchi yetu tofauti ni kama mita 300 kaskazini-kusini. Kipande cha ekari 100 kikiwa cha mraba kina upande wa mita 636 hivi, kwa hiyo kosa hilo linakuhamisha karibu nusu ya shamba. Kwenye gridi ya ramani ya UTM, Liwale iko kanda ya 37 kusini.

Sasa ukubwa. Ekari 100 ni hekta 40.5. Kijiji, kupitia halmashauri yake na mkutano mkuu, kinaishia hekta 20. Zaidi ya hapo mpaka hekta 50 lazima halmashauri ya wilaya iridhie, na kuzidi 50 inafika kwa Kamishna wa Ardhi. Ndiyo maana utasikia mtu ameomba ekari 49: ekari 50 kamili ni hekta 20.2, imeshavuka. Wapo wanaokata ekari 100 vipande viwili kwa majina ya mume na mke. Wanakijiji huwa wanalijua hilo, na siku wakichoka nanyi ndilo la kwanza kutajwa mkutanoni.

Njia yenyewe: barua ya maombi kwa mtendaji wa kijiji, kikao cha halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu. Hakuna mgao bila mkutano mkuu kukubali kwanza. Ombi lijibiwe ndani ya siku 90, ila kule kinachoamua ni msimu. Mvua zikishika, watu wako mashambani, wengine wanalala kwenye madungu wakifukuza nguruwe na tembo, na kitongoji kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa kadhaa. Mkutano unakosa watu. Barabara za vumbi za kutokea Nachingwea na Nangurukuru nazo zinakuwa tope, na afisa ardhi hatoki mjini. Peleka ombi kiangazi, kuanzia Julai, kabla watu hawajazama kwenye kuokota korosho.

Muhtasari wa mkutano mkuu ndio mali yako. Uwe na tarehe, ajenda inayotaja jina lako, ukubwa, eneo, majirani wa pande nne, na orodha ya mahudhurio yenye saini zilizoandikwa siku ile ile. Orodha ambayo saini zote zina mwandiko mmoja haina maisha mbele ya baraza la ardhi. Malipo ya kijiji yaende kwenye akaunti ya kijiji, na stakabadhi ibaki kwako. Ukiambiwa uchangie mafuta ya gari la wapimaji, fanya hivyo kwa maandishi, la sivyo yatageuka rushwa midomoni mwa watu.

Hati ya hakimiliki ya kimila, yaani karatasi ya umiliki wako wa ardhi ya kijiji, hutoka nakala tatu: yako, ya masjala ya kijiji, ya wilaya. Kagua kwamba nakala ya kijiji imewekwa mahali penye kabati na mlango. Mchwa wamekula hati nyingi kuliko mahakama.

Mwisho, punguza ekari. Mikorosho kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ni miti 28 kwa ekari, kwa hiyo 100 ni miche 2,800 ya kupalilia na kukinga na moto kila kiangazi, mahali ambapo vibarua ni wa kutafuta kwa tochi. Ardhi ikikaa miaka mitano bila kutumika, sheria inaruhusu kijiji kuihesabu kuwa imetelekezwa. Omba 30, fyeka 30, zima moto wako. Ukirudi miaka mitatu baadaye kuomba 19 nyingine, watakaokutetea mkutanoni ni hao hao vibarua wako.