Maswali na majibu: washairi wa Marekani walivyotupa vina

Usasa, yaani ule mkondo wa kuvunja kanuni za zamani, ulianza lini katika ushairi wa Marekani?

Ukinibana nitaje mwaka, nitasema 1912, Chicago, Harriet Monroe alipoanzisha jarida la Poetry. Ezra Pound, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, akawa mwakilishi wake ng'ambo. Ndiye aliyemsumbua Monroe kwa miezi hadi shairi la T. S. Eliot juu ya Prufrock likachapwa mwaka 1915.

Ukiondoa vina na mizani, si inabaki nathari iliyokatwakatwa tu?

Malumbano hayo tunayajua, tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani yake ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, mwaka 1974. Lakini mtazame William Carlos Williams, daktari wa Rutherford, New Jersey. Mwaka 1923 alitoa shairi la toroli jekundu lililolowa maji ya mvua, kando ya kuku weupe. Basi, hakuna zaidi. Maneno 16. Sasa hesabu: beti nne, kila ubeti una mishororo miwili, wa kwanza maneno matatu, wa pili neno moja. Hata jina la toroli kwa Kiingereza, wheelbarrow, kalipasua katikati, nusu mshororo huu, nusu ule unaofuata, ili jicho lisimame kidogo kabla ya kukiona chombo kizima. Mizani ipo, ila imehamia machoni. Liandike lote katika mstari mmoja uone linavyogeuka taarifa ya kibarua wa shamba.

Ni kweli shairi refu la Eliot, The Waste Land, liliandikwa na Pound?

Hapana. Aliandika Eliot, Pound akafyeka. Rasimu zilizochapishwa mwaka 1971 zinaonyesha alivyopiga kalamu vipande virefu. Lililotoka mwaka 1922 ni kama nusu ya lile la awali. Williams alilichukia, akilalamika kwamba limewarudisha washairi darasani. Kwa upande wangu, ule ufafanuzi ulioongezwa mwishoni mwa kitabu umewatisha wasomaji wengi bure.

Na washairi weusi walikuwa wapi?

Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, na hawakusubiri ruhusa ya Pound. Mwaka 1921 jarida la The Crisis lilichapa shairi la Langston Hughes linalotaja mito minne: Frati, Kongo, Nile na Mississippi. Alilitunga akiwa kijana, ndani ya treni, akielekea Mexico kwa baba yake. Kufikia The Weary Blues, mwaka 1926, alikuwa ameingiza mdundo wa muziki wa bluzi kwenye mishororo. Claude McKay, mzaliwa wa Jamaika, hakutupa vina hata kidogo: mwaka 1919, mwaka wa ghasia za kibaguzi, alichukua soneti ya Kiingereza, shairi la mishororo 14 yenye vina, mali ya mabwana, akaijaza wito wa kufa ukipigana. Wanaopima usasa kwa vina tu humwacha nje, na hapo ndipo ninapogombana nao.

Nianze na nani?

Williams, halafu Hughes. Eliot msome kwa sauti, bila kufungua ule ufafanuzi. Wallace Stevens, yule wa kampuni ya bima kule Hartford, mwachie siku usiyo na haraka.